Damu Iliyorudi Mwezi wa Ramadhani

Duka la Othman lilikuwa la tatu ukiingia sokoni Ikutha kwa barabara ya Mutomo. Lilifunguliwa saa moja kasorobo kila asubuhi. Aliyelifungua alikuwa mkewe, Sauda. Othman mwenyewe alinunua mbuzi vijijini na kuwauza minadani, kwa hiyo alilala nyumbani siku mbili au tatu tu kwa wiki.

Sauda alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Babu yake alitoka pwani akahamia Kitui mjini, na Sauda alizaliwa huko. Dukani aliuza sukari, sabuni, mafuta ya taa, na dawa chache za vidonge. Zamani alikuwa akienda shambani kila alfajiri kabla ya kufungua duka. Kisha Othman alimletea kiti kikubwa chenye mto.

"Umefanya kazi ya kutosha, mama Rashid," alimwambia. "Sasa keti."

Sauda aliketi. Aliketi tangu asubuhi hadi jioni. Chupa ya chai ilikaa chini ya meza, na kila kikombe kilitiwa vijiko vinne vya sukari. Baada ya miaka mitatu magauni yake yote yalikuwa yanambana.

Nyumba ilikuwa nyuma ya duka. Sauda aliishi humo na Hasina, mke wa mwanawe. Rashid, huyo mwana, alikuwa dereva wa lori Mombasa. Hasina alikuwa msichana wa Mwingi, mchangamfu na mwepesi wa maneno. Wawili hao walipendana, na waliojua jinsi wakwe wengi wanavyoishi walishangaa.

Katika ua wa nyumba hiyo alipanga chumba Sista Kavata, muuguzi wa zahanati. Alikuwa amekaa hapo miaka sita. Hakuwa Mwislamu, lakini kila jioni ya Ramadhani sahani yake ya futari ilipelekwa mlangoni kabla hata ya watu wa nyumba kuketi. Alizijua desturi za nyumba ile kama alivyoijua njia ya kwenda kazini.

Mwaka 1985 hedhi ya Sauda ilianza kuyumba. Ilikuja mapema, ikachelewa, ikaruka miezi. Mwishowe ilikoma. Wakati huo joto la ajabu lilianza kumshika. Lilipanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho likamtoka, na baada ya dakika chache likaondoka. Sauda aliamini kwamba ni malaria. Kila joto lilipomjia mara mbili kwa siku moja, alifungua kopo la klorokwini dukani akameza vidonge vinne. Masikio yalilia, tumbo likachafuka, na joto likarudi vile vile.

Halafu ilikuja Ramadhani ya mwaka 1987. Kwa mara ya kwanza tangu alipovunja ungo, Sauda alifunga mwezi mzima bila kukatiza. Mwanamke aliye katika hedhi hafungi. Hulipa siku zake baadaye. Mwaka huo Sauda hakuwa na siku hata moja ya kulipa. Alijisifu kwa jambo hilo. Lakini siku ya Idd mwanamke mmoja alimwambia kwa mzaha kwamba sasa amekuwa bibi kamili, amebakiwa na tasbihi tu. Watu walicheka. Sauda pia alicheka, kisha akaenda chumbani akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

Ramadhani ya mwaka 1988 iliingia na mvua za Aprili. Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, Sauda aliingia bafuni akaona damu kwenye nguo yake.

Alisimama hapo bila kujongea. Alifikiri kwamba macho yanamdanganya. Alitazama tena. Ilikuwa damu, nyekundu, kama ya miaka yote ile. Kisha, pole pole, alianza kutabasamu.

Alikwenda jikoni akanywa maji kikombe kizima, mchana ule ule, mbele ya Hasina.

Hasina aliacha kuosha vyombo. "Mama, unaumwa?"

"Siumwi," alisema Sauda. "Ujana umenirudia, mwanangu. Wale waliosema nimebakiwa na tasbihi, waje waone."

Hasina alifungua kinywa kama mtu anayetaka kusema neno. Hakulisema. Aliinama akaendelea kusugua sufuria, na siku hiyo hakutania tena.

Siku nne zilipita. Siku ya tano zamu ya Hasina ya hedhi nayo ilifika. Mchana wa siku hiyo wanawake hao wawili waliketi katika stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, ili wasiwatamanishe wateja waliofunga. Walikula mbaazi za jana na chapati baridi. Sauda alikuwa na furaha. Alisema kwamba wanafanana na wezi, na kwamba mwizi mmoja ana meno mazuri kuliko mwenzake. Hata Hasina alicheka.

Wakati huo Sista Kavata alikuwa amefika dukani kununua sabuni. Hakumkuta mtu. Alisikia vicheko, akazunguka meza na kuchungulia stooni.

"Hasina uko kwa ruhusa, naona," alisema akicheka. Kisha akamwona Sauda ameshika kipande cha chapati. Kicheko kilikatika. "Na wewe, mama Rashid? Joto limezidi?"

"Joto gani? Mimi pia niko kwa ruhusa," Sauda alijibu. Alisema kwa madaha, kama mtu anayeonyesha leso mpya.

Muuguzi hakutabasamu. Aliweka mfuko wake chini.

"Ramadhani iliyopita ulifunga siku ngapi?"

"Zote. Thelathini. Ulisahau jinsi nilivyojisifu?"

"Sikusahau. Na ile ya kabla yake?"

Sauda alifikiri. "Ile nilikosa nne, nikazilipa. Baada ya Idd hedhi ilikuja mara mbili. Tangu hapo, sikuiona tena mpaka wiki hii."

Sista Kavata alihesabu miezi kwa vidole. Alihesabu mkono mmoja, kisha wa pili, kisha akairudia yote miwili, akaongeza vidole viwili. Sauda aliona uso wake ukibadilika. Chapati ilibaki mkononi mwa Sauda.

"Ni miezi ishirini na miwili," alisema muuguzi. "Mama Rashid, nisikilize vizuri. Hiyo si hedhi."

Nje mteja aligonga meza kwa sarafu, akangoja, akaenda zake.

"Ni nini basi?" Sauda aliuliza.

"Sijui. Mimi sina vyombo vya kuonea ndani. Lakini jambo moja nalijua. Mwanamke akikaa mwaka mzima, miezi kumi na miwili, bila kuona hedhi, basi hedhi yake imekwisha. Hairudi. Akiona damu baada ya hapo, hata tone moja, hata kama hasikii maumivu, lazima aende hospitali. Mara nyingi sababu huwa ndogo. Utando wa ndani umekauka, au kuna kinyama kimeota. Lakini mara nyingine damu hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya saratani ya tumbo la uzazi. Ikionekana mapema hutibika. Ikiachwa haitibiki."

Sauda alitazama chapati mkononi. Aliirudisha kwenye sahani polepole, kana kwamba ingevunjika. Siku tano alikuwa akifurahia jambo hili. Siku tano alikuwa akilala na tabasamu.

"Nitakwenda baada ya Idd," alisema.

"Ugonjwa haufungi mwezi, mama."

"Nitakwenda vipi Ramadhani? Na je, nifunge au nisifunge?"

"Mambo ya saumu muulize maalim. Mambo ya damu niulize mimi. Damu hii inataka hospitali wiki hii."

Hapo Sauda alikasirika. Alisema kwamba yeye ana nguvu zake, hana maumivu, na hawezi kulala mbele ya daktari mwanamume ambaye ni rika la mwanawe. Alisema pia kwamba watu wa zahanati wanaona ugonjwa kila mahali. Muuguzi hakubishana naye. Alichukua mfuko wake akatoka. Sabuni aliisahau.

Hasina alikuwa ameshika ncha ya shela yake na kuizungusha kidoleni mpaka kidole kikawa cheupe.

"Mama," alisema, "mamangu alifurahi hivyo hivyo."

Sauda aligeuka.

"Alikuwa na miaka hamsini na minane. Damu ilirudi wakati wa Ramadhani. Majirani walimwita mwenye bahati. Shangazi yangu alimpikia pilau. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nguo zake nilikuwa nikizifua mimi. Nilifua Ramadhani ile, nikafua mpaka Mfungo tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani. Mwishowe zilikuwa na harufu, na yeye alikuwa amekonda hata pete ikamtoka. Tukaambiwa ni majini. Alipopelekwa hospitali, walituambia turudi naye nyumbani. Sikujua ilikuwa nini. Miaka kumi na moja sikujua. Nimejua sasa hivi, hapa, kwa maneno ya Sista."

Sauda alimkumbuka Hasina pale jikoni, kinywa wazi, akitafuta neno.

"Siku ile nilipokunywa maji," alisema hatimaye, "ulitaka kuniambia?"

"Nilitaka. Lakini ulikuwa na furaha, nami niliogopa kukufananisha na maiti."

Jioni hiyo Othman alirudi kabla ya magharibi. Walipokwisha kufuturu, Sauda alimweleza mambo yote, akiwa amekitazama kikombe tu. Hakuwahi kuzungumza naye mambo ya hedhi kwa miaka thelathini ya ndoa. Othman alisikiliza huku ameshika tende. Jumamosi alikuwa na mbuzi arobaini wa kupeleka mnadani, na watu wa kuwaswaga walikuwa wamekwisha kukodiwa. Sauda alingoja alitaje jambo hilo.

Othman aliiweka tende sahanini.

"Nilidhani ni malaria," alisema. "Miaka miwili nilidhani ni malaria, na nilikuwa nakutania kwamba umekuwa jiko." Alisimama akachukua kofia yake. "Basi la Kitui linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Naenda kumwambia kondakta aweke viti viwili vya mbele."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi watakula majani. Mvua imenyesha."

Asubuhi iliyofuata Othman alibaki dukani, na Sauda na Hasina walisafiri hadi hospitali ya wilaya. Sista Kavata aliwapa barua. Daktari aliyewapokea, Daktari Mutunga, alikuwa kweli rika la Rashid. Lakini aliongea naye kwa heshima, akamwita mama, na muuguzi mwanamke alisimama kando muda wote. Daktari alieleza kila jambo kabla ya kulifanya. Alipima shinikizo la damu, na lilikuwa juu. Alimpima uzito, akaandika, akaonyesha kwa kalamu kwamba umezidi. Siku ya pili Sauda alipewa dawa ya usingizi, na daktari alitoa sehemu ndogo ya utando wa ndani ya tumbo la uzazi. Ilipelekwa kuchunguzwa Nairobi.

Majibu yalichukua wiki tatu. Idd ilipita katikati ya wiki hizo, na katika nyumba ya Othman hakuna aliyekumbuka kushona nguo mpya.

Walipoitwa, Othman alikwenda pia. Daktari Mutunga hakuzungusha maneno. Alisema kwamba ni saratani. Othman alishika ukingo wa meza. Sauda alisikia neno hilo kama mtu anayesikia jina la mtu mwingine likiitwa. Aligeuka kumtazama Hasina, na Hasina alikuwa analia bila sauti.

"Hamjanisikiliza mpaka mwisho," alisema daktari. "Imeanza juzi tu. Bado iko kwenye utando wa ndani. Haijaenda popote. Tukiliondoa tumbo la uzazi sasa, tutakuwa tumeiondoa yote, naamini hivyo. Mama, ulikaa siku ngapi baada ya kuona damu?"

"Siku sita."

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema kwamba wanawake wengi anaowapokea wamekaa mwaka mmoja.

Sauda alipasuliwa mwezi wa Juni. Aliogopa kwamba akiamka atajiona si mwanamke tena. Aliamka akiwa na kiu, na jambo la kwanza alilofanya ni kumgombeza Hasina kwa kuacha duka mikononi mwa Othman, ambaye hajui bei ya kiberiti. Hasina alijua hapo kwamba mama yake huyu wa pili amepona.

Kidonda kilipofunga, Sista Kavata alianza kupita kila jioni. Ndipo Sauda alipojifunza mambo ambayo angepaswa kuyajua miaka mitano nyuma. Joto lile halikuwa malaria. Hedhi inapokaribia kwisha, mwili wa mwanamke hubadilika, na joto la ghafla ni sehemu ya mabadiliko hayo. Halidhuru. Huja, hukaa dakika chache, huondoka. Mwanamke huvaa nguo nyepesi za pamba, hunywa maji ya baridi, na hupunguza chai ya moto na pilipili. Likimzuia kulala au kufanya kazi, amwone mganga wa zahanati.

"Na klorokwini?" aliuliza Sauda.

"Klorokwini ni kwa mtu aliyepimwa damu akakutwa na malaria. Ulimeza ngapi?"

Sauda alimtazama Hasina. Hasina alitazama dari.

"Karibu kopo," Sauda alikiri.

Sista Kavata alifunga macho. "Mungu wenu na wangu walikuwa macho," alisema.

Kisha aliwaambia kwamba uzito mwingi unaongeza hatari ya saratani ile ile. Unaongeza pia shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari. Othman, ambaye alikuwa akisikiliza mlangoni, aliuliza kwa sauti ndogo kama kiti kile kilikuwa kosa. Muuguzi alimjibu kwamba kiti si sumu. Sumu ni kukikalia kutwa. Mifupa ya mwanamke wa umri huo hupoteza nguvu, na kinachoirudishia nguvu ni kutembea, jua, maziwa, mboga za majani na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao.

Yote hayo hayakufuatwa kwa siku moja. Sukari ilikuwa vita. Sauda alitoka vijiko vinne akafika viwili, akarudi vitatu mwezi wa mvua, akashuka hadi kimoja. Mafuta ya kupikia Hasina aliyapima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka koponi, na wiki mbili za kwanza Othman alilalamika kwamba wanampikia chakula cha wagonjwa. Kunde, mbaazi na pojo vilikuwa shambani siku zote. Sasa majani ya kunde yalipikwa mara nne kwa wiki, kwa maziwa. Kila alfajiri Sauda alitembea hadi shambani na kurudi, nusu saa kwenda, nusu saa kuja, kama zamani. Mara moja kwa mwezi alipimwa shinikizo la damu katika zahanati. Kila miezi mitatu alikwenda Kitui, na kila mara Daktari Mutunga alimwambia kwamba hakuna kitu. Kiti chenye mto kilihamishiwa mbele ya duka. Kikawa cha wateja wazee.

Ramadhani ya mwaka 1989 ilipofika, Sauda alikuwa amepungua kilo tisa. Daktari alimruhusu kufunga. Zamu ya Hasina ilipoingia, Sauda alimpelekea mbaazi stooni mwenyewe, akamwambia kwamba mwizi mwenye meno mazuri amebaki peke yake.

Siku ya kumi na tisa, mchana, Bi Qamar alikuja dukani. Bi Qamar alikuwa mke wa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka kaskazini, mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko Sauda. Alinunua mkate na soda moja. Kisha hakwenda nyumbani. Alijificha nyuma ya ukuta wa duka, akafungua soda kwa meno, akaanza kunywa.

Sauda alimwona kupitia dirisha la stoo. Alitoka.

Bi Qamar aliposhikwa hivyo hakuona haya. Alicheka. "Usinitazame namna hiyo, Sauda. Mungu amenikumbuka uzeeni. Nimerudi kuwa msichana."

Sauda hakucheka.

"Bi Qamar," alisema, "Ramadhani iliyopita ulifunga siku ngapi?"

"Zote," alijibu mwanamke huyo kwa fahari. "Na ya kabla yake, zote pia."

Sauda alirudi dukani. Alifunga madirisha mawili, akavuta mlango, akachukua kufuli kubwa msumarini. Wateja watatu walikuwa wamesimama nje na vikapu vyao. Aliwaomba radhi, akawaambia warudi baada ya saa moja. Katika miaka kumi na minane, duka lile halikuwahi kufungwa mchana wa siku ya soko.

Alimshika Bi Qamar mkono.

"Tunakwenda wapi?" Bi Qamar aliuliza. Kicheko kilikuwa kimeanza kumtoka usoni.

"Kwa Sista Kavata. Si mbali, tutatembea. Nitakueleza njiani."